Wasomaji Wanauliza: Mzee Small Akumbukwe Vipi Kwao Kilwa?

Ukurasa wa toleo hili umejaa barua zinazomhusu marehemu Said Ngamba, mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la Mzee Small. Ya kwanza ilitoka Kilwa, na tulipoigusia kidogo katika toleo lililopita, nyingine zikafuata kutoka Mikindani, Masasi, Nachingwea na Lindi mjini. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

Asalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha maigizo cha vijana hapa Kilwa Masoko. Tumekubaliana kuandaa siku ya kumkumbuka Mzee Small, kwa kuwa ni mzaliwa wa Kilwa na vijana wengi hawalijui jambo hilo. Tatizo ni kwamba tumegawanyika. Baadhi yetu wanataka tuchange fedha tujenge sanamu yake karibu na stendi. Wazee tuliowaendea kuomba baraka wametuambia kwamba marehemu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, huko alifanyia kazi na huko alizikwa, hivyo sisi hatuna letu. Tufanye nini, na tuanzie wapi?

Wa alaykum salaam, Ndugu Katibu. Nianze na wazee, kwa sababu bila wao shughuli yenu itakuwa ya kikundi kimoja tu na haitakuwa ya Kilwa. Wanalolisema lina ukweli wake. Mzee Small alifariki dunia Juni 2014 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na akazikwa huko huko Dar es Salaam. Wenzetu wa Tanga wamejaliwa jambo ambalo ninyi hamna: King Majuto alipofariki Agosti 2018 alirudishwa Tanga akazikwa, na Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, amelala Muheza, kwao. Mtu akitaka kuwaombea dua wachekeshaji hao, anajua pa kwenda. Kilwa haina kaburi la Mzee Small, na penye kaburi watu hawaulizani marehemu alikuwa wa nani.

Hata hivyo, waulizeni wazee kwa adabu swali moja: angefanyia wapi kazi hiyo asingeondoka? Vikundi vikubwa vya sanaa vilivyokuwa vikilipa wachekeshaji vilikuwa Dar es Salaam. Redio ilikuwa Dar es Salaam. Televisheni zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nazo zilianzia Dar es Salaam. Wazee hao hao wanakumbuka safari ya kwenda huko kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, jinsi abiria walivyosubiri kivuko cha Ndundu ili wavuke Rufiji, na jinsi masika yalivyoweza kuwalaza njiani pamoja na mizigo yao na kuku wao. Msanii wa wakati ule hakuweza kuishi Kilwa na kwenda jukwaani Jumamosi. Tukimfuta kila aliyefuata riziki mjini, Kusini nzima itabaki na wasanii wa kuhesabika kwa vidole, na mabaharia na wafanyabiashara wetu tutawafuta kwa hoja hiyo hiyo.

Baada ya wazee, nendeni kwa familia, na hili lifanyike kabla ya kuchanga hata shilingi moja. Mwanasiasa au mwanamichezo anaweza kukumbukwa na serikali na klabu, lakini mchekeshaji ana wake, wana na wajukuu ambao wamekwisha kuona jina la baba yao likitumiwa na watu wasiowajua. Tumeni watu wawili wenye umri, mmoja wao mwanamke, wakawaeleze ndugu waliopo Kilwa na walio Dar es Salaam kwamba nia ni hii na hii, kwamba hakuna biashara ndani yake, na kwamba wao ndio watakaosema lipi lisisemwe. Wakikataa jambo moja, liacheni bila kubishana. Wakikataa yote, igizeni vichekesho vyenu kama mnavyofanya siku zote, ila jina lake msiliweke kwenye bango.

Sasa sanamu. Mimi siiungi mkono, na sababu yangu ya kwanza ni ya fundi ujenzi. Sanamu ya saruji isiyosimamiwa na mtu anayeijua kazi yake, ikikaa kwenye upepo wa chumvi wa Masoko, nondo zake zitakula kutu na mikono yake itapasuka kabla hamjamaliza kulipa deni. Sababu ya pili ni kwamba Kilwa imekwisha kuzoea kukumbukwa kwa mawe. Ng'ambo yenu tu, Kilwa Kisiwani, kuna Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mgeni akitaka kutazama mawe atavuka kwenda huko. Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Mchekeshaji ni mwendo, ni sauti, ni namna anavyogeuza shingo baada ya kuambiwa neno asilolipenda, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachokubali kusimama kwenye nguzo. Isitoshe, sanamu isipofanana naye, watu watacheka, na watakuwa wanawacheka ninyi.

Badala yake fanyeni usiku wa vichekesho, mnaoweza kuurudia kila mwaka hata msipokuwa na mfadhili. Juni ni mwezi mzuri, kwanza kwa sababu ndio mwezi aliofariki, pili kwa sababu masika yamepita na njia za vijijini zinapitika, tatu kwa sababu fedha za ufuta zinakuwa zimeanza kuingia mifukoni mwa watu wa Lindi, na mtu mwenye fedha ya ufuta hatoi visingizio anapoombwa mchango. Tumieni uwanja wa shule, mkeka mbele kwa watoto, viti nyuma kwa wazee. Mpitieni afisa utamaduni wa halmashauri mapema ili kibali kisije kuwa jambo la saa kumi na moja jioni. Mgeni rasmi awe mmoja na hotuba iwe moja. Nimehudhuria kumbukumbu za wasanii ambazo hotuba zilikuwa saba na kichekesho kimoja, tena kilichokatishwa kwa sababu ya muda.

Vichekesho viwe vipya, vya Kilwa ya leo: mnada wa ufuta, bodaboda na abiria asiyejua aendako, mwanandoa anayeficha simu. Kimoja tu kiwe cha kumwiga marehemu, na kiigizwe na mtu mmoja aliyemtazama sana kwenye kanda. Katikati ya usiku aketishwe mzee mmoja wa Kilwa aeleze anavyomkumbuka.

Huyo mzee mtafuteni sasa hivi, msingoje Juni. Waliolingana naye wamekwisha kuwa watu wazima sana, na kumbukumbu zao hazijaandikwa popote. Nendeni na simu yenye nafasi ya kurekodi, kaeni mahali pasipo na upepo, semeni tarehe na jina la kijiji mwanzoni mwa rekodi, kisha mwacheni mzee azungumze. Msimuulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa jibu lake mnalijua kabla hajafungua kinywa: alikuwa mcheshi, mwenye ushirikiano na watu. Muulizeni alitembeaje alipokuwa kijana. Muulizeni ni mzee gani wa mtaani aliyekuwa akiwachekesha watu wakati huo, ambaye watoto wote walijaribu kumwiga. Muulizeni watu walicheka wapi, barazani, kisimani au ngomani. Swali likiwa dogo, mzee anasimama na kuwaonyesha kwa mwili wake, na hapo ndipo simu iwe inarekodi picha pia.

Mkitaka jambo la kudumu, ombeni mtaa au barabara ipewe jina lake. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, barabara zetu nyingi zimepata majina na vibao. Pendekezo linaanzia kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, linapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kufika halmashauri. Kibao cha bati kitagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya sanamu, na bodaboda watalitaja jina hilo kila siku bila kuombwa.

Shikamoo Mhariri. Nimesoma habari ya vijana wa Kilwa. Mimi ni mama mtu mzima wa Mikindani. Sisi tumelelewa kumtaja marehemu kwa wema na kumuombea dua. Kukusanya watu ili wacheke kwa ajili ya mtu aliyekufa, tena kwa kumwigiza, si kumdhihaki? Nauliza kwa nia njema.

Marahaba, mama yangu, na nia yako inaonekana. Nakubaliana nawe kuhusu dua, nami nimekwisha kuwaandikia vijana kwa njia ya simu kwamba hitma iwe siku yake na vichekesho siku yake. Hitma isomwe asubuhi, nyumbani kwa ndugu au msikitini, kwa utulivu wake, bila kipaza sauti cha matangazo na bila mtu kutoka moja kwa moja kwenye ubani kuelekea jukwaani.

Lakini hilo la kucheka, mama, ruhusu nikukumbushe kitu ambacho huenda umekiona mara nyingi kuliko mimi. Kusini, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, msiba una watani wake. Wafiwa wameketi ukumbini wakilia. Mara mtani wa kike anaingia uani amevaa koti la marehemu, kofia ameilaza upande ule ule ambao marehemu aliulaza, bakora mkononi. Anakohoa kikohozi chake. Anamwita mjane kwa jina ambalo marehemu pekee alilitumia, anadai chai, anaionja, anauliza sukari ya nyumba hii inakwenda wapi. Wanawake waliokuwa wakilia wanaangua kicheko na machozi hayajakauka, na koti halivuliwi mpaka mtu wa nyumba ile atoe chochote. Saa chache baadaye mtani huyo huyo yuko jikoni akipika ugali wa wafiwa, na mtani mwenzake yuko makaburini na jembe.

Hakuna anayesema kwamba mtani amemdhihaki marehemu. Ameonyesha kwamba alimtazama vizuri alipokuwa hai, mpaka kikohozi chake anakijua, na wafiwa wanapewa dakika chache za kumwona tena mtu wao akitembea. Wapo masheikh wanaoukemea utani wa msibani, hasa unapovuka mipaka au unapochelewesha mazishi, na wana hoja zao, lakini hata wao wanajua kwamba watu wetu hawakuanza jana kuweka kicheko karibu na kilio.

Naamini, na hili ni langu binafsi, kwamba wachekeshaji wa ukanda huu walijifunzia hapo. Mtoto aliyekua akiona shangazi akimwiga marehemu kwa koti na bakora tu, bila jukwaa wala taa, na akaona watu wazima wakibadilika sura mbele yake, huyo amepata darasa ambalo halipatikani chuoni. Ngoma zetu zinalo vilevile. Wacheza midimu wa Kimakonde wanaojificha nyuma ya vinyago huingia uwanjani wakiwa watu tunaowafahamu, kama vile mzungu, mlevi au mzee mwenye kiburi, na hadhira hucheka kwa sababu imemtambua mtu kabla kinyago hakijafanya lolote.

Utani una sheria, nawe unazijua kuliko vijana, kwa hiyo ningefurahi ukiwaandikia. Si kila mtu ni mtani. Jirani asiye mtani akivaa koti la marehemu ataonekana mwehu. Mtani haugusi ugonjwa uliomuua mtu. Haanzi sala ikiwa imesimama. Hataji siri ya chumbani iliyomuumiza mjane. Sheria hizo hizo ziwaongoze wa Kilwa. Mzee Small aliugua kwa muda mrefu mwishoni mwa maisha yake, na watu walimwona akiwa dhaifu. Mtu yeyote atakayepanda jukwaani kuigiza udhaifu ule ateremshwe. Aigizwe akiwa mzima, akiwa katika mzozo wa nyumbani wa kwenye luninga, ule ambao yeye na mwigizaji mwenzake Bi Chau waliufanya watu wazima wauone kama umetoka sebuleni kwao.

Ndugu Mhariri, hapa Masasi tumebishana sana kijiweni. Je, ni kweli kwamba King Majuto na Mzee Small walitoka sehemu moja?

Si kweli. King Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, alikuwa mtu wa Tanga. Mzee Small alikuwa wa Kilwa, mkoa wa Lindi. Mnachanganya, nadhani, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa pwani wenye Kiswahili cha pwani, wakaonekana sana kwenye luninga katika miaka ile ile, na nafasi waliyoijaza ilikuwa moja, ya mzee wa nyumbani anayejiona mjanja. Aliyeshindwa alipe kahawa.

Mwalimu mwenzangu, ninafundisha shule ya msingi Nachingwea na nina klabu ya sanaa yenye watoto wapatao thelathini. Nikiwaambia waigize kichekesho, wanafanya mambo mawili: wanavaa nguo zilizochanika, na wanaongea kwa lafudhi ya Kimakonde au Kimwera huku wakijifanya wajinga. Ajabu ni kwamba wengi wao ni Wamakonde na Wamwera. Ninataka niwaeleze habari za wachekeshaji wa zamani ili wajifunze. Nianzeje?

Mwalimu, umeweka kidole mahali penyewe. Watoto hawa wanarudisha walichokiona kwenye simu. Katika vichekesho vingi vya mjini mtu wa Kusini ndiye mlinzi wa geti, ndiye anayeshangaa lifti, na lafudhi yake inatosha kuchekesha kabla hajasema kitu. Mtoto wa Nachingwea anajifunza kujicheka kwa macho ya mtu wa Sinza. Sisemi lafudhi ipigwe marufuku jukwaani. Mmwera anayemchekesha Mmwera mwenzake kwa lafudhi yao yuko nyumbani, na pengine anayeonekana mjinga katika kichekesho chake ni mtu wa mjini asiyejua bei ya korosho. Ninachokukataza kukikubali ni lafudhi inayofanya kazi peke yake, bila mtu ndani yake.

Waeleze kwanza ilikotoka sanaa yenyewe, kwa ufupi, maana watoto hawapendi historia ndefu. Kabla ya luninga, watu walisikiliza mchezo wa Pwagu na Pwaguzi kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, na msanii hakuwa na nguo iliyochanika ya kumsaidia; alikuwa na sauti tu. Katika miaka ya 1980 vikundi vya sanaa kama Muungano, DDC Kibisa na vile vya majeshi vilijaza kumbi za Dar es Salaam mwisho wa wiki kwa onyesho la saa nyingi lenye ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho ndani yake. Vichekesho hivyo kwa kawaida havikuandikwa. Wasanii walikubaliana kisa, mwanzo na mwisho, kisha wakaenda jukwaani kutunga maneno mbele ya watu waliokwisha kulipa kiingilio na ambao wangeweza kuondoka. Kizazi cha Mzee Small kilikomaa katika utamaduni huo, kikaingia nao kwenye luninga, halafu kwenye kanda na diski zilizouzwa madukani.

Baada ya hapo acha maelezo, wape zoezi. Ninalipenda hili. Mtoto mmoja ni mwenye duka. Wa pili amekuja kununua sukari robo kilo akiwa na noti iliyochanika katikati na kuungwa kwa gundi. Anataka noti ipokelewe bila muuzaji kuitazama. Mara ya kwanza waigize bila neno lolote. Utaona kwamba aliyevaa matambara hana la kufanya, na yule mtoto mkimya wa nyuma, aliyewahi kutumwa dukani na noti kama ile, ndiye anayejua kuikunja, kuiweka kiganjani, kuisukuma chini ya kopo la chumvi huku akitazama juu kwenye rafu. Mara ya pili ruhusu maneno, lakini mweke mtoto wa tatu kama mteja anayesubiri, ambaye kazi yake ni kuona kila kitu na kutocheka. Huyo wa tatu ndiye mgumu kupatikana. Waulize watoto ni nani aliyewachekesha zaidi, na wengi watamtaja yeye.

Wafundishe pia kwamba aliyeko jukwaani hajichekei. Wachekeshaji wakubwa wa luninga yetu waliingia kwenye kichekesho wakiwa na shida ya kweli: deni, mgeni asiyetaka kuondoka, mke aliyegundua jambo. Wao walikuwa na hasira au hofu. Kicheko kilikuwa cha watazamaji. Mtoto akianza kucheka kabla ya hadhira, simamisha zoezi, mrudishe mlangoni aingie upya.

Halafu, kama nauli itaruhusu, wapelekeni watoto kwenye maonyesho ya ngoma za jadi mkoani Mtwara au Lindi. Wakae karibu na wacheza vinyago na watazame miguu tu. Uso umefunikwa, kwa hiyo kila kinachowachekesha kinatoka kwenye miguu, mabega na kiuno, na watakaporudi darasani watakuwa wamesahau matambara.

Habari za kazi, Mhariri. Marehemu baba yangu alikuwa na kibanda cha video hapa Lindi mjini. Ameacha boksi la kanda za VHS, na baadhi zimeandikwa kwa kalamu ya wino "Mzee Small". Sijui zina nini. Vijana wa Kilwa wameniomba waonyeshe siku hiyo, na rafiki yangu ananishauri niziweke mtandaoni nipate chochote. Je, ni halali? Na zitakuwa zima kweli?

Salama, kijana wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kwanza usiziingize kwenye mashine yoyote. Kanda iliyokaa miaka zaidi ya ishirini katika joto na unyevu wa Lindi inaweza kuwa na ukungu, na ukungu huo unaharibu kanda, unaharibu kichwa cha mashine na kuhamia kwenye kanda itakayofuata. Ichukue kila moja, inua kile kifuniko chake cha mbele, tazama utepe ukiwa kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe kama unga kando ya utepe, itenge mbali na nyingine. Zilizobaki zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, ziweke chumba kikavu kisichopigwa na jua, mbali na spika kubwa kwa sababu sumaku yake inafuta. Zisizo na ukungu mpelekee fundi mwenye mashine nzima azihamishie kwenye kompyuta, nawe omba nakala mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Zenye ukungu zisubiri mtu anayejua kuzisafisha. Usijaribu kwa pamba na spiriti.

Kuhusu uhalali, inategemea zina nini, kwa hiyo usiahidi lolote kabla hujaona. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kumiliki kanda hakukupi haki ya kilichomo ndani. Ulinzi wa kazi ya mtunzi unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na wasanii waigizaji nao wana haki zao katika uigizaji wao. Kama baba yako alirekodi kipindi kutoka luningani, haki ni ya kituo au ya aliyekitengeneza. Kama ni kanda iliyouzwa dukani, ipo kampuni au mtayarishaji aliyeitoa, na jina lake mara nyingi liko mwanzoni. Kama ni harusi au onyesho la ukumbini lililopigwa na mpiga video wa mtaani, kuna mpiga video huyo, na kuna wasanii wenyewe au warithi wao. Andika kwenye daftari kila kanda ina nini, nani anaonekana, na jina gani limeandikwa mwanzoni au mwishoni, kisha wasiliana na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, kwa maelezo ya namna ya kuomba ruhusa.

Kuziweka mtandaoni ili zikuingizie fedha, jibu langu ni hapana mpaka wenye haki waseme ndiyo, na hili halitegemei kama rafiki yako ameona wengine wakifanya. Familia ya msanii inapoona sura ya baba yao ikipita kwenye simu za watu na fedha ikienda kwa mgeni, huo msiba wa pili unawafika wakiwa peke yao, bila watani.

Kwa vijana wa Kilwa, onyesho la wazi nalo linahitaji ruhusa ya wenye haki na kibali cha mamlaka ya filamu, kinachofuatiliwa kupitia afisa utamaduni yule yule wanayemwendea kwa ajili ya uwanja. Waambie wakuandikie barua ya maombi yenye tarehe, mahali na kauli kwamba hakuna kiingilio, nawe uiambatishe kwenye maombi yako. Ruhusa isipofika kabla ya Juni, wapelekee mzigo mwingine: mwite mmoja wa wateja wa zamani wa kibanda cha baba yako, aende Kilwa akawaeleze watu walivyokuwa wakijazana kwenye mabenchi yale, wakilipia kuingia na kurudia kanda ile ile ambayo walikuwa wameishika kwa moyo. Na kama katika boksi hilo utakuta kanda ambayo marehemu anaongea nje ya igizo, akijieleza, akitaja utoto wake au Kilwa, hiyo usimpe fundi wa kawaida. Nipigie simu kwanza ofisini kwa gazeti, halafu tuwatafute ndugu zake pamoja.